Jinsi Kulwa na Doto Walivyomeza Mtihani wa Sayansi

Leo nimepatikana. Tena mchana kweupe, mbele ya mwalimu aliyenifundisha darasa la tano.

Nawaandikia ninyi mlioko Kahama na kwingineko nilikopita, nikiwa dukani kwa Mama Kabula, hapa Bariadi mkabala na stendi, pale wanapochapa barua na kadi za harusi. Siruhusiwi kutoka mpaka afunge. Si kwamba nimeiba. Nimekuwa siri, na siri haiachwi ikatembea ovyo. Mtanielewa mbele.

Tuanze asubuhi.

Mnaonijua mnajua kwamba mimi sikai mahali. Nilitoka shule darasa la sita, msimu ule wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia vijijini na malori yao. Nilipanda lori moja kwenda kuona linakopeleka pamba. Nikaona. Nikasema ngoja nione na kinachofuata. Ikawa miaka kumi na moja. Katika hiyo miaka nimeanika dagaa Nassa, nimechimba, nimeuza miwani, na mwisho nikafagia karakana moja ya kompyuta kule Mwanza. Nilikuwa nafagia polepole sana kwa sababu nilikuwa naangalia wanachofanya mafundi. Baada ya mwaka walininyang'anya ufagio wakanipa bisibisi.

Basi, nikirudi Bariadi mimi ndiye fundi. (Wa pili alihamia Shinyanga mjini. Sina mshindani, na ndiyo maana bado naitwa.)

Kompyuta ya Mama Kabula ilikuwa mgonjwa wa siku nyingi. Ilikuwa ikizimika kila baada ya nusu saa, unaiacha ipoe, unaiwasha tena. Mlango wa vile vidiski vidogo vya kuhamishia kazi ulishakufa zamani kwa vumbi. Nikamshauri anunue vipande vipya tuunde kompyuta nyingine. Jana basi la Mwanza likaleta maboksi: kasha jipya, ubao mkuu, feni, kila kitu. Na diski mpya. Mpango wangu ulikuwa kuingia taratibu, siku mbili tatu, kwa heshima.

Leo saa mbili asubuhi mipango yote ikageuka.

Mwalimu Maduhu alifika dukani mapema kusoma mtihani wake kwa mara ya mwisho. Ni mwalimu mkuu sasa. Shule nne za jirani zina mtihani wa ujirani mwema wa darasa la saba, kila shule inatunga somo lake, na safari hii sayansi imemwangukia yeye. Masomo mengine yalishachapwa. Mtihani ni kesho asubuhi. Watoto wa shule ya mbali wameshakuja tangu jana na magodoro yao, wamelala kwa ndugu zao hapa mjini.

Mwalimu akasoma kwenye kioo, swali la kwanza mpaka la arobaini. Akasema safi. Halafu akachukua zile karatasi alizoandika kwa mkono, akatoka nazo nje mpaka kwa Shija, dada anayeuza chai na chapati kwenye kibaraza, akaziingiza kwenye jiko lake moja moja. Ndivyo inavyofanyika hapa. Mtihani ukishachapwa, mwandiko unachomwa, usije ukaokotwa na mtoto. Mwalimu Maduhu alikoroga hadi majivu kwa kijiti.

Akarudi ndani. "Haya Mama, sasa nitolee nakala moja safi, nikairudufu shuleni."

Mama Kabula akabonyeza. Kompyuta ikazimika.

Tukaiacha ipoe. Tukaiwasha. Haikuwaka. Ukatoka moshi mwembamba na harufu kama ya ndala iliyoungua.

Mwalimu akaangalia kompyuta. Akaangalia jiko la Shija.

"Mama," akasema polepole, "nimeshachoma."

Hapo ndipo nilipoinuka. Nilikuwa nimekaa pembeni nakula chapati, lakini nilijiona kama daktari aliyeitwa wodini.

"Mwalimu, usihofu. Huyu amekufa mwili tu. Kichwa ni kizima. Mtihani wako uko kwenye diski, na diski haijaguswa. Nachomoa kichwa, napachika kwenye mwili mpya, saa tisa unakuta karatasi yako mezani."

"Una hakika, Limbu?"

"Mwalimu, kazi hii nimeifanya mara nyingi." (Nimeiona ikifanywa mara nyingi. Kuna tofauti ndogo.)

Akaondoka. Mama Kabula akafunga nusu ya mlango ili vumbi la stendi lisiingie, akaniambia maneno ambayo ningeyasikiliza leo ningekuwa mtu mwingine:

"Limbu, chukua hiyo diski ya zamani uiweke kwenye kasha jipya, tutoe karatasi ya mwalimu kwanza. Hiyo diski mpya utaishughulikia hata wiki ijayo."

"Mama, kazi hufanywa mara moja. Nikishafungua nimefungua. Nahamisha kila kitu kwenye diski mpya, mfumo na mafaili, kama kilivyo. Ya zamani tunaiweka kabatini, akiba. Hutaona tofauti, isipokuwa haitazimika."

"Sawa, fundi," akasema. Mama Kabula akikuita fundi ujue amekukabidhi mzigo wote na lawama zake.

Sasa fuateni vizuri hapa, maana ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

Nilifungua boksi la diski mpya. Ikatoka. Nikafungua kompyuta marehemu, nikachomoa diski ya zamani. Nikaziweka mezani. Zilikuwa sawasawa. Kampuni moja, ukubwa mmoja, umbo moja, hadi karatasi zake za juu rangi moja. Muuzaji wa Mwanza alisema alikuwa na aina hiyo tu. Tofauti yake ilikuwa vumbi. Ya zamani ilikuwa na vumbi la Bariadi la miaka minne.

Mimi ni msafi. Nikachukua kitambaa nikaifuta vumbi mpaka ikang'aa. (Nilikuwa nafuta ushahidi kwa mikono yangu mwenyewe.)

Nilipomaliza nikaona hatari. Nikasema, Limbu, weka alama. Nikakata vipande viwili vya plasta nyeupe, nikachukua kalamu. Ningeandika MPYA na ZAMANI, leo nisingekuwa na habari ya kuwaandikia. Lakini niliziangalia zimelala pale pamoja, zimefanana vile, na mimi ni Msukuma. Mapacha wana majina yao. Anayetoka kwanza ni Kulwa, anayefuata ni Doto. Ni nani aliyetangulia kutoka? Ile mpya. Nilitangulia kufungua boksi lake kabla sijafungua kompyuta.

Nikaandika KULWA kwenye mpya. Nikaandika DOTO kwenye ya zamani. Nikaridhika sana. Nilijiona nimefanya kitu cha kitaalamu chenye asili yetu.

Nikaanza kuunda. Ubao mkuu, feni, kisanduku cha umeme, waya hizi na zile. Saa tatu nzima nimeinama. Kilichokuwa kinanisumbua muda wote huo ni mfumo. Mfumo wa kompyuta ni kama mzee aliyezoea nyumba yake. Ukimhamishia kwenye nyumba mpya anaamka usiku, anapapasa ukuta, haupati, anaanguka. Kule Mwanza niliona kompyuta nyingi zikigoma kuamka kwa sababu ya ubao mpya. Nilijiandaa kwa hilo. Nilikuwa na sidii (CD) ya kurekebishia, nilikuwa na hatua zote kwenye daftari. Nilijiandaa kwa simba, hata sikuangalia nilikokanyaga kama kuna siafu.

Saa sita na nusu Shija akaingia na chai.

"Bhabha, hivi vyuma vyako vina majina?"

"Vina majina. Mapacha hao."

Akacheka, akaweka kikombe. Shija ni mtu wa kuulizwa mambo haya, kwa sababu jina Shija hapewi mtu ovyo. Ni jina la mtoto anayezaliwa nyuma ya mapacha. Kwao wapo Kulwa na Doto wenyewe, na yeye anawafuata.

"Mkubwa nani hapa?" akauliza.

"Kulwa."

"Kulwa ndiye mkubwa, ndiyo. Kwetu Kulwa alikuwa anaanza kila kitu. Akipata gauni analivaa yeye, likimbana anampa Doto. Doto hajawahi kumpa Kulwa hata kitana. Mimi nikija nakuta matambara."

"Kwa hiyo Kulwa anatoa, Doto anapokea."

"Ndivyo ilivyo dunia, bhabha. Kunywa chai, inapoa."

Nikanywa chai. Chai ilikuwa tamu, tangawizi ya kutosha. Na katika ile chai, jamani, kichwa changu kikageuka. Niliposhika tena bisibisi nilikuwa najua mambo mawili kwa uhakika: Kulwa ni mkubwa, na Kulwa ndiye anayempa Doto. Na diski kubwa kwa umri ni ipi? Ya zamani. Sikuona kasoro yoyote.

Nikaziunganisha zote mbili, Kulwa ya kwanza, Doto ya pili. Nikaingiza sidii yenye programu ya kunakili. Ni programu isiyo na maneno mengi. Inakuuliza kwa Kiingereza vitu viwili tu: unatoka wapi, unakwenda wapi. Swali ninaloulizwa kila kijiji ninachofika, na sijawahi kulijibu vizuri.

Unatoka wapi? Kulwa.

Unakwenda wapi? Doto.

Ikaniuliza mara ya tatu. Ikaniambia kila kilichomo kwenye diski ninayoendea kitafutika, je, nina hakika?

Nikamwita Mama Kabula aje ashuhudie. "Mama, tazama jinsi inavyouliza. Programu nzuri hii, haina haraka." Nikabonyeza ndiyo.

Ule mstari wa bluu ukaanza kutembea. Tuliutazama wote watatu, mimi, Mama Kabula na Shija. Nilieleza. Nilieleza kwa muda mrefu, na abiria wawili waliokuwa wanasubiri basi la kwenda Migato wakaja mlangoni kusikiliza. Niliwaambia kwamba zamani mtu akihama anabeba vyungu na mawe ya kusagia, lakini huku unahamisha nyumba nzima na moshi wake. Abiria mmoja akatikisa kichwa akasema dunia imekwenda. Nikakubali kwamba imekwenda.

Kitu kimoja kilinishangaza. Mstari ulimaliza haraka mno. Nikasifu ubao mpya.

Nikazima, nikaondoa sidii, nikawasha. Kioo cheusi. Maneno meupe mafupi: hakuna mfumo.

Nikatabasamu, nikawageukia watazamaji. "Hii nilitarajia. Ni mzee anapapasa ukuta." Nikafungua daftari, nikaanza hatua za kurekebisha. Sidii ya kurekebishia ikatafuta mfumo wa kuurekebisha. Ikasema hakuna kitu cha kurekebisha.

Nikachomoa Doto, nikaacha Kulwa peke yake. Hakuna mfumo.

Nikachomoa Kulwa, nikaweka Doto peke yake. Hakuna mfumo.

Nilichukua Kulwa mkononi nikaigeuza. Pembeni, chini ya plasta, kulikuwa na kipande cha karatasi ya nailoni ya boksini, bado kimenasa kwenye skrubu. Kipande kipya. Kinametameta.

Wanaosema moyo unaruka hawajui. Moyo wangu haukuruka. Ulikaa chini.

Nilikuwa nimenakili utupu. Nilichukua diski isiyokuwa na chochote nikaimwaga juu ya diski yenye kila kitu, kwa uangalifu, nikiwa na mashahidi.

"Limbu," akasema Mama Kabula, "mbona umenyamaza? Wewe hunyamazi."

Nikamwambia. Hakupiga kelele. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Mambo mengine ya dukani hayakumtisha, kwa sababu yeye ana mazoea ya kuweka nakala ya karatasi ya kila kazi kwenye mafaili yale ya kabatini. Kila kazi, isipokuwa mitihani. Mitihani haiwekwi, ni siri.

"Saa ngapi sasa?" akauliza.

"Saa nane."

"Basi weka mfumo upya, upesi, angalau mwalimu akija akute kompyuta inawaka. Mengine Mungu anajua."

Nikaweka. Niliweka mfumo mpya kwenye diski mpya, nikatambulisha printa. Abiria wa Migato hawakuondoka. Basi lao lilipiga honi, mmoja akamwambia mwenzake, "Tutapanda linalofuata, hapa kuna jambo."

Saa tisa kamili Mwalimu Maduhu akaingia.

"Shikamoo Mwalimu. Karibu sana. Karibu kiti. Shija, mletee mwalimu chai. Habari za shule, wanafunzi hawajambo, na nyumbani?"

Akasimama mlangoni, hakukaa.

"Umevunja nini?"

"Mwalimu?"

"Darasa la tano ulinipokea hivyo hivyo siku uliyovunja tufe la dunia ulipotaka kuona ndani kuna nini. Umevunja nini, Limbu?"

Nikaeleza. Nilijaribu kueleza kwa njia ya mapacha na yeye akanyoosha mkono nikanyamaza. Akakaa sasa. Akatazama majivu ya jiko la Shija kule nje. Ni mtu mzima, mrefu, lakini kwenye kile kiti alipungua.

"Walimu wakuu watatu wanakuja kesho saa moja kuchukua bahasha," akasema. "Nimetunga mwezi mzima. Watoto wamelala sakafuni kwa watu. Niwaambie nini? Kwamba Doto kaufuta?"

 Hata abiria wa Migato waliangalia chini.

Mama Kabula akamsogezea karatasi na kalamu. "Tujaribu, Mwalimu. Unayoyakumbuka andika, mimi nachapa. Kompyuta inawaka."

Akaanza. La kwanza alilikumbuka. La pili. La tatu, lile la ua. La nne akasita. Akaruka. Alifika kumi na moja ya kukumbuka hapa na pale, kalamu ikaanza kwenda taratibu. Mtu akishatunga maswali mia na kuchuja arobaini, mia yote yanabaki kichwani yakigombana.

"La kumi na mbili," akasema mwenyewe, "lilikuwa la nzige."

"La mchwa, Mwalimu," nikasema.

Wallahi lilinitoka. Mimi nikisikia kitu hakiko sawa mdomo unatangulia.

Kalamu ikasimama.

"Umesemaje?"

"Hapana, nilikuwa..."

"Umejuaje kwamba la kumi na mbili ni la mchwa?"

Mama Kabula akanigeukia polepole. Ni kweli kwamba juzi aliniita nimchoree lile ua, na ile saketi ya umeme yenye balbu mbili, kwa sababu mimi naiweza programu ya kuchorea.

"Nilichora ua," nikasema.

"Ua ni la tatu."

"Na saketi."

"Saketi ni la thelathini na moja. Mchwa hana mchoro."

"Nilipotoka kwenye ua nikielekea kwenye saketi, Mwalimu, nilipita katikati."

Shija alitoa sauti fulani puani.

"Toa vilivyo mfukoni," akasema Mwalimu Maduhu. Sauti ile ile ya darasa la tano. Nina miaka ishirini na minne, nina ndevu, nimelala porini na fisi wanacheka. Nikatoa. Bisibisi. Skrubu tatu. Kipande cha chapati. Na karatasi ya mfuko wa sukari iliyokunjwa mara nne.

Mwalimu akaikunjua. Kwa mwandiko wangu ulio wazi kabisa: 1 C, 2 A, 3 E, mpaka 40.

Sasa hapo ndipo stendi ilipokuja. Sijui nani aliwaita. Mlango ulijaa. Wauza maji, kondakta mmoja, mama mwenye kuku wawili. Mtihani umevuja, wakaanza kunong'onezana, ni yule anayetangatanga, yule wa kompyuta.

"Hii umempa nani?" akauliza Mwalimu.

"Sijampa mtu."

"Limbu, nitaita mgambo. Majibu ya mtihani yanakaa mfukoni mwa mtu asiye na mtoto wala mdogo wake shuleni, ya nini?"

Nilijaribu kutafuta uongo. Kawaida huwa ninao wa akiba. Leo haukuwepo.

"Niliufanya," nikasema.

"Uliufanya nini?"

"Mtihani, Mwalimu. Darasa la saba sikufika. Nikasema ngoja nione kama ningefaulu."

Mlango mzima ukatulia. Kuku mmoja tu ndiye aliyeendelea na mambo yake.

 Mwalimu Maduhu akatoa kalamu nyekundu mfukoni mwa shati (walimu hawa wanalala nazo), akatandaza karatasi ya sukari juu ya goti, akaanza kusahihisha. Hakuhitaji majibu, anayo kichwani. Vyema. Kosa. Kosa. Vyema. Kosa. Ilisikika kalamu inavyokwaruza. Alifika mahali akasimama.

"La ishirini na tisa. Joto la jua linatufikia kwa njia gani? Umejibu mpitisho."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Linapitia kwenye nini, Limbu? Kuna waya kutoka juani?"

Kondakta akacheka. Mama mwenye kuku akamwambia anyamaze, halafu akacheka yeye.

Alipomaliza akahesabu mara mbili. Akaandika juu kabisa, akazungushia duara, akainua karatasi ili Mama Kabula aione. Na kwa kuwa aliinua, wote wakaiona. Kumi na saba kwa arobaini.

"Mama Kabula," akasema, "huyu hajavujisha kitu. Na hata angevujisha, tusingeogopa. Majibu haya yakiingia shuleni, kata nzima inafeli."

Hapo jamani sina la kuongeza. Walicheka mpaka abiria wa Migato mmoja akakaa chini kwenye ngazi. Shija alilazimika kuweka birika chini. Mama Kabula alijitahidi kwa ajili yangu, akashindwa. Nimefukuzwa miji mitatu bila kuona haya, lakini leo nilitamani kuingia ndani ya lile kasha jipya nijifungie skrubu.

Mwalimu alipotulia ndipo akauliza swali la maana.

"Majibu umekosea. Maswali unayakumbuka?"

"Maswali ninayakumbuka, Mwalimu."

"Yote?"

"Ukisoma kitu usichokijua, kinakaa."

Akanisogezea kiti karibu na Mama Kabula. "Sema."

Nikasema. La nne, moyo una vyumba vingapi. La sita, chumvi na maji. La kumi na mbili, mchwa, na vile vipengele vyake vitano kwa mpangilio. Mama Kabula alichapa, Mwalimu alisimama nyuma yetu akitikisa kichwa: "Ndilo. Ndilo hilo. Hapana, kipengele D kilikuwa na neno 'tu' mwishoni." Ua nikalichora upya, na safari hii nikaliwekea chavua mahali pake, juzi nilikuwa nimekosea na hakuna aliyeona. Saketi pia. Mawili tu yalinipotea kabisa, Mwalimu akatunga mengine papo hapo, nikaambiwa nigeukie ukutani.

Saa kumi na moja na robo printa ikatoa karatasi. Mwalimu Maduhu akazisoma amesimama, ukurasa kwa ukurasa. Akazitia kwenye bahasha, akaipiga lakiri mpaka atakapofika shuleni kurudufu, na mabega yake yakarudi mahali pake. Kwa mara ya kwanza leo akanywa chai.

"Wabeja, Mama," akashukuru. Kisha kwangu: "Wewe una tatizo."

"Najua, Mwalimu."

"Hujui. Mtihani uko kwenye bahasha, na uko kwenye kichwa chako. Bahasha nimeifunga. Kichwa chako nitakifunga na nini?"

Mama Kabula akasema mpaka jioni atanilinda yeye, na usiku mumewe ana chumba cha uani chenye komeo. Mwalimu akakubali.

"Na kesho saa mbili," akaendelea, "uwe darasani kwangu. Dawati la nyuma. Nitakupa karatasi kama wengine. Nikikuona nitajua hauko njiani unaongea."

"Nifanye mtihani na watoto, Mwalimu?"

"Ulitaka kujua kama ungefaulu. Makosa ishirini na matatu unayajua yaliko, yana alama nyekundu. Una usiku mzima. Mama, huna kitabu cha sayansi cha mwanao?"

"Kipo," akasema Mama Kabula.

"Atavaa kaptula?" akauliza Shija.

Basi ndiyo hivyo. Kitabu kiko hapa mezani. Nimeshajua kuhusu joto la jua, na nimeudhika kweli kwamba nilikaa miaka kumi na moja nikiota jua bila kujiuliza linafikaje. Nimesoma pia kwamba malkia wa mchwa anataga mayai mpaka anashindwa kusogea, na nina maswali kadhaa juu ya hilo, ila Mwalimu amekataza niulize mpaka kesho saa nne.

Wewe unayesoma hapo Kahama ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize. Kesho saa mbili nitakuwa kwenye chumba cha mtihani, na huko kelele haziruhusiwi.